Kitengo cha saratani KCMC: maandalizi kabla ya dripu ya kwanza

Kwa wenye mgonjwa wa saratani Arusha na Moshi, naomba niwaambie kuhusu KCMC, hospitali ya rufaa iliyoko Moshi, maana mamdogo wangu anaanza kemo ya saratani ya titi, yaani dripu ya dawa za kuua saratani, wiki hii na mpaka hapa tulipofika nimeridhika sana. Tulianzia hospitali nyingine, kule tuliambiwa tu ataanzishiwa dripu basi, ukiuliza dawa gani au mizunguko mingapi hakuna wa kukujibu, tukaomba rufaa.

KCMC hawakukimbilia dawa. Walitaka majibu ya kinyama (biopsi, kipande kilichokatwa kwenye uvimbe kikapimwa) pamoja na bloku yenyewe, yaani kile kipande kilichohifadhiwa kwenye nta, wakisome upya na kuangalia kama saratani inakuzwa na homoni au na HER2, aina ya protini kwenye seli za saratani, kwasababu dawa inachaguliwa kutokana na hayo. Kwahiyo ukihama hospitali usiondoke na karatasi tu, dai bloku na CD ya CT scan mpaka upewe, sisi kuipata ile bloku ilikuwa nenda rudi nenda rudi, na ikikosekana mgonjwa anaweza kutolewa kinyama upya, maumivu juu ya maumivu.

Vipimo ni vingi, FBP (picha kamili ya damu), figo, ini, eko (ultrasound) ya moyo maana moja ya dawa zake, doksorubisini, inaweza kudhuru moyo. Mamdogo alishtuka kusikia apime na HIV na homa ya ini B, nesi akamwelewesha taratibu kwamba kemo inashusha kinga na virusi vya ini vilivyolala vinaweza kuamka.

Huyo nesi Mungu ambariki kwakweli. Alimsalimia shikamoo mama, akavuta kiti, akaongea na mgonjwa mwenyewe sio na sisi tuliomsindikiza. Akamwambia mkojo utakuwa mwekundu siku moja mbili ni rangi ya dawa sio damu, nywele zitatoka, dawa ya kichefuchefu atapewa kabla, na joto likifika 38 asimeze panadol akalala, aje hospitali hata kama ni usiku wa manane. Tukanunua kipimajoto siku hiyohiyo.

Wa Arusha tafuteni pa kulala Moshi siku ya dripu, kilomita 80 kwenye Coaster na kichefuchefu ni mateso, na bima ulizeni mapema inalipia dawa zipi. Mamdogo atalala kwa shangazi, mtaa wa Pasua hapo Moshi, asubuhi damu inarudiwa, ikiwa sawa anaanza.