MSI Afterburner na RTSS kwenye kompyuta yangu ya gemu: uzoefu wangu

Kama kompyuta yako inacheza gemu zako zote bila kukwama, huhitaji MSI Afterburner, programu inayoonyesha namba za utendaji wa kompyuta juu ya gemu; nenda ukacheze. Namba za pembeni ya skrini ni za mwenye shida. Mimi shida ninazo: kadi ya picha ya NVIDIA GTX 1660 Super ya mtumba yenye memori ya GB 6, prosesa ya Ryzen 5 3600, chumba kinachotazama barabara ya udongo hapa Lubumbashi, na umeme unaokatika utakavyo. Nimeshatumia MSI Afterburner na mwenzake RivaTuner Statistics Server, yaani RTSS, kwa muda wa kutosha kuzijua tabia zake, nzuri na mbaya. Sasa hivi ndizo programu za kwanza ninazoweka nikishamaliza draiva.

Watu wengi hudhani ni programu moja. Afterburner ndiyo inayosoma vipimo: joto, kasi ya chipu, mzunguko wa feni, umeme unaoliwa. RTSS ndiyo inayoviandika juu ya gemu. Ukiifunga RTSS, namba zinapotea kwenye gemu hata kama Afterburner bado inafanya kazi. Zote mbili ni za bure, zinakuja kwenye furushi moja lisilofika megabaiti mia, na hilo si jambo dogo kwa mtu anayenunua data kwa vifurushi. Jina la MSI, kampuni inayouza kadi, lisikutishe pia. Kadi yangu si ya MSI na hakuna kilichokataa.

Pa kuipakua pana hatari yake. Novemba 2022 watafiti wa usalama wa mtandao, Cyble, walitoa ripoti kuhusu tovuti bandia zilizojifanya za Afterburner. Aliyeingia mtego huo alipata programu yenyewe, lakini pamoja nayo kirusi cha kuchimba sarafu za kidijitali na kingine cha kuiba nywila. Kwa hiyo chukua kwenye tovuti ya MSI au Guru3D tu. Huku kwetu programu hutembea kwa flashi, fulani kampa fulani, na hii mimi siipokei kwa flashi ya mtu hata awe rafiki yangu wa utotoni.

Ukiifungua mara ya kwanza utaona skrini yenye mishale na namba zinazomeremeta, imepambwa kupita kiasi, na kitufe cha mipangilio kimejificha humo. Ingia humo, fungua ukurasa wa Monitoring, utakuta orodha ndefu ya vipimo. Kila kipimo unakichagua, halafu unakiruhusu kionekane kwenye skrini ya gemu. Wengi hapo huwasha vyote, kisha wanacheza mpira huku robo ya uwanja imefunikwa na maandishi. Mimi nimebakiza vichache: joto la kadi, matumizi ya kadi kwa asilimia, kasi ya chipu kwa MHz, wati, FPS, na frametime, yaani muda ambao kila fremu (picha moja ya gemu) inachukua. Hicho cha mwisho usikiache kama namba. Hapo hapo kwenye ukurasa huo unaweza kukigeuza kutoka maandishi kuwa mchoro, na mchoro huo ndio sababu ya mimi kuandika haya yote.

FPS inakwambia fremu ngapi zimetoka ndani ya sekunde. Haikwambii kama zimetoka kwa mpangilio. Kwa FPS 60, kila fremu inatakiwa kuchukua kama milisekunde 16.7. Fremu nyingi zikiwahi na chache zikachelewa mpaka milisekunde 50, wastani bado utaonekana mzuri, lakini mkono wako kwenye panya utajua kuna kitu hakiko sawa. Nyumbani kwangu ilikuwa hivyo. Mdogo wangu anacheza, namba inasema 70 na zaidi, yeye analalamika, "Yaya, inakwama tena!" Mimi naangalia FPS namwambia haikwami. Tulipowasha mchoro wa frametime, mstari uliotakiwa kulala ulikuwa na meno kama msumeno.

Vipimo vingine vikatoa jibu. Kila jino lilipotokea, matumizi ya kadi yalishuka mpaka kwenye asilimia sitini, ilhali kiini kimoja cha prosesa kilikuwa kimejaa juu kabisa. Maana yake kadi ilikuwa inasubiri kazi, haikuelemewa. Kompyuta ilikuwa na kijiti kimoja tu cha RAM cha GB 8, kwa hiyo prosesa ilikuwa inapitisha data kwenye njia moja badala ya mbili. Tukanunua cha pili cha kasi ile ile, meno mengi yakaisha. Bila mchoro ule ningekuwa nimeuza kadi isiyo na kosa, maana fundi wa kwanza tuliyemuuliza alikuwa ameshapanga kuniuzia nyingine.

Joto ni habari nyingine. Lubumbashi mwezi wa kumi, kabla mvua haijaanza, jua ni kali na vumbi jekundu limekuwa likiingia kwenye makasha tangu kiangazi kilipoanza. Kwenye overlei, yaani zile namba zinazoandikwa juu ya gemu, niliona joto la kadi linapanda mpaka nyuzi 83 na kukaa hapo, na kasi ya chipu inateremka hatua kwa hatua, MHz 15 kila mara. Hivyo ndivyo kadi za NVIDIA zinavyojilinda: zikifika kikomo cha joto zinapunguza mwendo zenyewe. Nilifungua kasha, nikapuliza vumbi, nikabadilisha pasta ya chini ya hitsinki, kile chuma cha kupoozea chipu, halafu kwenye Afterburner nikavuta kikomo cha umeme mpaka asilimia 80. FPS nilizopoteza ni chache mno, na feni ikaacha kupiga kelele.

Ila kitu ninachokitumia zaidi kuliko vyote si cha kupima. Ni kile kisanduku cha RTSS cha kuweka kikomo cha fremu. Ukiandika 0 hakuna kikomo, ukiandika 60 gemu haipiti 60. Skrini yangu ni ya Hz 60, yaani huonyesha picha 60 kwa sekunde, kwa hiyo kusukuma FPS 140 kwenye gemu ya mpira ya EA FC ni kula umeme bure. Kadi hii imepangiwa wati 125. Nikiweka kikomo cha 60, kwenye gemu ya mpira namba ya wati hushuka karibu nusu. Umeme ukikatika tukabaki kwenye UPS, ile betri ya akiba, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mechi itafika mwisho au mtu atasema alikuwa anashinda kabla kompyuta haijazimika. Kila gemu unaweza kuipa kikomo chake. Unaongeza faili lake kwenye orodha ya RTSS, unaandika namba, basi.

Sasa hizo overlei nyingine. Steam ina yake, Discord ina yake, Windows ina Game Bar, NVIDIA App nayo ipo. Nyingi hujipachika ndani ya njia ile ile ambayo gemu hupitishia picha, na zikirundikana pamoja na RTSS, migongano haishangazi: gemu inafunguka nyeusi, namba zinatetemeka au hazionekani. Kuna mfano wa wazi wa Desemba 2024. Wapimaji waligundua kwamba vichujio vya picha vya NVIDIA App, hata visipotumika, viliweza kupunguza kasi ya gemu mpaka asilimia 15, na NVIDIA yenyewe ikashauri watu wavizime kwa wakati huo. Mimi nimezima zote isipokuwa ya Steam, kwa sababu ya kuongea na marafiki kwa Shift na Tab.

Tena, hiyo ya Steam tangu 2025 ina kipima utendaji kizuri. Inaonyesha FPS, prosesa, kadi na RAM, na inatenganisha fremu halisi na zile zinazobuniwa na teknolojia za DLSS ya NVIDIA au FSR ya AMD. Hilo la kutenganisha limenivutia, kwa sababu siku hizi namba kubwa si lazima iwe kweli. Lakini gemu ya nje ya Steam haipimwi kirahisi kutoka huko, na kikomo cha umeme cha kadi haina.

Kasoro za Afterburner. Vipimo vyake husomwa kila milisekunde 1000 usipobadilisha, kwa hiyo joto au matumizi yanayoruka kwa muda mfupi hayaonekani. Ukipunguza sana muda huo, kupima kwenyewe kunaanza kuisumbua prosesa. Namba ya memori ya kadi inaonyesha iliyotengwa, si lazima iwe ile ambayo gemu inahitaji, kwa hiyo usikimbilie kusema GB 6 zimekwisha. Baadhi ya gemu za mtandaoni zenye mfumo wa kuzuia wadanganyifu hukataa kitu chochote kinachojipachika ndani yake. Huko ninazima RTSS kabla ya kufungua gemu, na Counter-Strike 2 (CS2) ina vipimo vyake vya ndani vya FPS na frametime vinavyotosha.

Mwandishi wake ni Mrusi, Alexey Nicolaichuk, na mwanzoni mwa 2023 alieleza hadharani kwamba kazi hiyo ilikuwa inaelekea kusimama kwa sababu ya vita na siasa. Haikufa, matoleo mapya yalifuata.

Mwenye laptopu asitarajie yote haya: kikomo cha umeme mara nyingi kimefungwa na mtengenezaji, hutaweza kukivuta. Vipimo na kikomo cha fremu cha RTSS vitafanya kazi, na kwenye laptopu inayochemka, hicho kikomo cha fremu pekee kinatosha kuifanya programu iwe na faida.