Jenereta ya dizeli ya kVA 5 ya boksi: inafaa nyumba gani?

Ukiulizia jenereta ya dizeli ya nyumbani kwenye maduka ya mashine Kariakoo, mara nyingi utaonyeshwa boksi la chuma lenye magurudumu manne, limeandikwa kVA 5 au 6, kila duka na nembo yake. Fungua mlango wa pembeni: ndani kwa kawaida utakuta injini ile ile ya Kichina, 186FA, silinda moja ya cc 418 inayopozwa kwa upepo, iliyofuata umbo la Yanmar L100. Ni injini nzuri na spea zake hazisumbui kupatikana. Kwa hiyo usihangaike na nembo, hangaika na koili, yaani nyaya zilizosokotwa zinazozalisha umeme: ziwe za shaba, si alumini.

Waya wa alumini hupakwa vanishi yenye rangi ya shaba, macho peke yake hayatoshi. Muuzaji anayeiamini bidhaa yake atakubali fundi akwaruze ncha ya waya mmoja pale unapoungwa. Ikitokea nyeupe, ni alumini: koili itachemka mapema, na kVA 5 ya kwenye kibandiko hutaipata kwa muda mrefu. Kabla ya kulipa, pima pia kwa mita yenye Hz (mizunguko ya umeme kwa sekunde; ya kawaida ni 50). Bila mzigo isome kama 52, na ukiweka mzigo mkubwa isishuke chini ya 49. Ikianguka hadi 47, gavana (kifaa kinachoshikilia mwendo wa injini) haijakaa sawa au injini haina nguvu inayodaiwa.

kVA 5 kwa kipimo cha nguvu (power factor) cha 0.8 ni kW 4, yaani wati 4,000 za kutumia. Chukua nyumba yenye taa na TV (wati 300), friji na friza (wati 400) na pampu ya maji ya HP 1, ambayo hula kama wati 1,000. Jumla ni 1,700, lakini pampu ikianza kuzunguka huvuta mara tatu au zaidi kwa sekunde chache, na hapo unakaribia 3,700. Mashine inabeba. Ukiongeza kiyoyozi cha BTU 12,000 kisicho cha inveta, usikiwashe kwa wakati mmoja na pampu. Walio nyanda za juu wapunguze zaidi: injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, kwa hiyo Arusha na Mbeya mashine hii haiwi sawa na ya Dar es Salaam au Mombasa.

Kosa la kawaida, hata hivyo, ni kinyume chake: mashine kubwa, mzigo mdogo. Nyumba ile ile bila pampu inatumia wati 700, chini ya asilimia 20. Silinda haipati joto la kutosha, dizeli haiungui yote, na baada ya wiki kadhaa utaona utelezi mweusi ukitoka kwenye bomba la moshi, nozeli (inayonyunyizia dizeli kwenye silinda) inaziba na injini inaanza kuwaka kwa shida. Dawa yake ni mzigo: washa pampu, pasi na jagi la umeme hadi ufike asilimia 70, uache iunguze uchafu kwa muda wa saa nzima. Kama nyumba ni taa na TV tu, nunua ya petroli ya kVA 2, dizeli haikufai.

Oili ni lita 1.65 tu, 15W-40. Mwaga ya kwanza baada ya saa 20 za kazi, kisha kila saa 100. Umeme ukikatika kwa muda wa saa nne kila siku, hizo ni siku 25. Wengi huhesabu kwa miezi kama gari, na injini inakufa ikiwa bado changa.

Dizeli ikiisha kabisa, hewa huingia kwenye mpira wa dizeli na mashine haiwaki hata ukijaza tangi. Legeza nati ya bomba la shinikizo pale kwenye nozeli, zungusha injini hadi mafuta yatoke bila mapovu, kaza.

Boksi linapunguza kelele hadi karibu desibeli 73 kwa mita 7, lakini injini bado inazunguka mara 3,000 kwa dakika, jirani atasikia. Anayehitaji umeme kutwa nzima atafute ya kupozwa kwa maji, mizunguko 1,500. Ni ghali na nzito, ila inadumu kuliko hii kwa mbali.

Ufungaji usifanyiwe mchezo. Weka swichi ya kubadilishia ya njia mbili (inayokata waya wa moto na wa nyutro kwa pamoja), TANESCO–0–jenereta, ya ampea 32, na waya wa mm² 6. Waya wenye plagi dume pande zote mbili unarudisha umeme kwenye laini na kumuua fundi aliye juu ya nguzo. Mashine ikae nje, moshi usielekee dirishani.

Ikikaa muda mrefu bila kuwashwa, inaweza kuunguruma vizuri huku soketi ikitoa volti 5 tu. Usikimbilie kununua AVR, kifaa kinachodhibiti volti. Zima injini, chomoa plagi ya brashi (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye koili inayozunguka), gusisha betri ya volti 12 kwenye brashi, chanya kwa chanya, kwa sekunde moja. Rudisha plagi, washa. Volti zisiporudi, angalia kwanza kama brashi zimekwisha, ndipo ubadilishe AVR.