Fundi kaniambia bodi imekufa, kumbe ni hadi diski

Naandika hii bado nina hasira, na hasira zenyewe si za laptop maana laptop nilishaisamehe. Kuna sentensi moja niliambiwa pale Kariakoo mbele za watu, na mpaka leo nikiikumbuka nikiwa napika naacha mwiko.

Mimi nina kasteshenari kangu Mbagala. Fotokopi, kuprinti, kuchapa barua, kadi za michango ya harusi, na ukifika ule msimu watoto wanaomba mkopo wa chuo kule Bodi ya Mikopo ndo kabisa sikai chini, huyu anataka kuhakiki cheti cha kuzaliwa RITA, huyu fomu haijakubali picha, mwingine kaja na mama yake na bahasha nzima ya vyeti. Sasa katikati ya msimu huo, asubuhi moja nawasha laptop, nembo inakuja, kile kiduara cha vidoti kinaanza kuzunguka, kinazunguka weee, halafu kinaganda. Naizima kwa kushikilia batani, nawasha, pale pale. Mara ya tatu ikaleta maandishi kwamba inajiandaa kujirekebisha yenyewe, nikafurahi, nikaiacha usiku kucha nikijua asubuhi nitaikuta mzima. Asubuhi naikuta inajiandaa vile vile.

Na ndani ya hiyo laptop mlikuwa na hesabu za kikoba chetu. Wanawake ishirini na mbili, miaka mitatu, nani kaweka hisa ngapi, nani kakopa, nani bado hajarudisha. Daftari lipo lakini linaishia katikati maana baadaye tulikubaliana mimi ndo nitunze kwenye kompyuta. Hebu nyie niambieni unamwambia nini mama anayeuza vitumbua, kwamba hela yake ipo ila rekodi zimeganda?

Nikabeba mpaka Kariakoo kwa fundi ambaye, jamani niseme ukweli, nilikuwa namwamini. Mwaka juzi alinitengenezea sehemu ya chaji ya hiyo hiyo laptop, kazi safi, haijasumbua tena. Ndo maana sikwenda kwingine.

Nimefika nimemkuta na watu wamejaa kaunta. Akaipokea, akaibonyeza, akaitazama labda sekunde kumi, hata kuigeuza hakuigeuza. Akasema bodi, yaani ile sakiti kubwa ya ndani inayobeba kila kitu. Bodi imekufa mama, laki mbili na themanini, au niachie nikuuzie kama spea upate chochote. Nikamuuliza kwa adabu tu, kaka umejuaje ni bodi na hujaifungua? Hakuniangalia hata usoni, akasema "Mama, kompyuta sio cherehani."

Watu wakacheka.

Sasa yeye hajui, lakini mimi nimeshona miaka tisa. Hiyo laptop anayoishika nimeinunua kwa hela ya cherehani, sare za shule na madera, usiku na mchana. Na kwenye cherehani ukiletewa imekwama humwambii mtu imekufa. Unatoa uzi wa juu, unatoa bobini, unaondoa sindano, halafu unazungusha gurudumu kwa mkono taratibu unasikiliza inakwamia wapi. Ndo unaongea. Mtoto wa siku ya kwanza kazini anajua hilo.

Basi pamoja na maneno yale nikaiacha, maana alisema ataifungua akipata nafasi, kuiangalia elfu ishirini, nikalipa. Jioni nimerudi jibu ni lile lile, bodi, ila akaongeza kwamba anaweza kujaribu kupiga Windows upya kwa elfu thelathini "tuone bahati". Nikauliza, ukipiga Windows vitu vyangu vinabaki? Akasema vinaondoka vyote. Yaani mtu kakuambia bodi imekufa halafu anataka kukupigia Windows juu ya bodi iliyokufa, na kukufutia hesabu za watu ishirini na mbili! Nikachukua laptop yangu nikaondoka. Kwenye daladala naipapasa chini nakuta skrubu mbili hazipo.

Aliyenitoa gizani ni mtoto wa dada yangu, yuko chuo Dodoma. Nimempigia saa tatu usiku nalia karibu. Hakuniambia neno la bodi. Aliniuliza, "Ma'mdogo, ikiganda hivyo ukibonyeza Caps Lock kataa kake kanawaka na kuzima?" Nikabonyeza, kanawaka, kanazima. Akasema haya, basi haijafa, kuna kitu inakisubiri. Sasa chomoa kila kitu, mausi, flashi, waya wa printa, washa tena, maana kuna wakati flashi mbovu tu inatosha kuigandisha. Nikachomoa vyote, pale pale. Akaniambia nichomoe na chaji, nitoe betri kwa kuwa yangu ni ile inayotoka, nishikilie batani ya kuwashia kama nusu dakika umeme uliobaki uishe, nirudishe. Pale pale. Akaniambia sasa weka sikio upande wa kushoto, karibu na mkono unapokaa, uniambie unasikia nini.

Nyie. Tik, tik, tik, halafu kama mtu anakwaruza sahani na ukucha, halafu kimya, halafu tik tena. Nimekaa na ile laptop wiki nzima sikuwa nimesikiliza. Na hiyo sauti naijua! Ni kama bobini uzi umejisokota chini, mashine inavuta inashindwa inavuta tena.

Akacheka kwa furaha akasema hiyo ni hadi diski ma'mdogo, ile inayotunza vitu vyako vyote, tuhakikishe. Ukiwasha tu, kabla ya kiduara, kwenye HP unagonga Esc halafu F2, Dell unagonga F12, inakupeleka kwenye vipimo vyake yenyewe. Nikagonga. Ikapima kumbukumbu, ikapita. Ikaenda kwenye diski, haikumaliza hata dakika ikaandika imefeli. Basi. Muda wote huo jibu lilikuwa limekaa humo ndani linasubiri mtu agonge batani mbili, bure. Halafu mnisaidie, kipimo chenyewe kinaendeshwa na hiyo hiyo bodi, skrini inaonyesha, kibodi inaitika, bodi iliyokufa inampimaje mwenzie?

Alinielezea nikaelewa kabisa. Ile diski ya zamani ndani kuna sahani inazunguka mara 5,400 kwa dakika na kichwa kinapita juu yake karibu mno kinasoma. Ikipata majeraha pale ambapo Windows inasoma wakati wa kuwaka, kompyuta inaomba, diski inajaribu, inajaribu tena, na huku nje wewe unaona kiduara kimeganda. Na yangu betri ilishachoka, umeme ukikata inazimika pap katikati ya kazi, na nilikuwa naibeba kwenye bodaboda imelala tu sijaizima. Hilo ni kosa langu nakubali, kama mnabeba laptop zenye diski hizo zimeni kabisa kwanza, tafadhali sana. Na akanikataza kuilazimisha ijirekebishe au kupiga chochote kabla ya kutoa vitu, kwa sababu diski inayokufa kila ukiisumbua unaimaliza.

Kesho yake nikaenda kwa jirani yangu wa duka la simu, akanishushia Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta kama Windows ila wa bure, karibu GB 3, bando lake mwenyewe Mungu ambariki, akaiweka kwenye flashi. Kwangu, maana yangu ni HP, nikagonga F9 inayokupa uchague iwakie wapi, nikachagua flashi, laptop ikawaka! Ikawaka kwa flashi bila kugusa ile diski, skrini nzuri, kila kitu. Nikaingia kwenye ile diski mbovu, nikafungua folda la kikoba nikaanza kunakili kwenye flashi nyingine. Dakika arobaini kwa vitu ambavyo ingekuwa mzima ni sekunde. Ilikuwa ikikwama mimi nashika mdomo. Faili la mwisho lilipoingia nilipiga kigelegele mwenyewe dukani, mteja wa fotokopi akaniuliza kulikoni.

Baada ya hapo ni kazi ndogo. SSD, zile diski za kisasa zisizo na sahani ya kuzunguka, ya GB 240 nilinunua elfu sitini na tano, nikafungua kava la chini na bisibisi ya nyota, nikatoa mgonjwa nikaweka mpya, yule mtoto yupo kwenye simu ananiangalia, Windows ikaingia jioni ile na ikajitambua leseni yenyewe. Sasa hivi nawasha, sijamaliza kuvuta kiti imeshawaka. Laptop hii hii ya laki mbili na themanini ya bodi! Ukiniuliza kuhusu laptop nakupa tano juu ya tano.

Kuhusu fundi nilikuwa nishaamua nyota moja. Wiki kama mbili baadaye nikarudi, nataka elfu ishirini yangu. Akanisikiliza, nimpe haki yake, safari hii alinisikiliza, akaiwasha akaona, akasema siku hizi zikija zilizoganda nyingi ni bodi zilizomwagiwa chai au soda, ndo alichokizoea. Akanirudishia elfu kumi, nyingine akasema ya muda wake. Nikaona basi, binadamu, ana watu wengi, mikono anayo kweli, nilikuwa nampa tatu na nilikuwa natabasamu naondoka. Akaniambia, "Ila mama usiwe unafungua fungua vitu usivyovijua."

Hapana. Moja, na hiyo moja ni ya ile sehemu ya chaji. Muda gani huo wa elfu kumi, sekunde kumi za kuitazama? Ungesema tu "mama sijui, niachie niipime", ningekusubiri mwezi mzima na ningeleta wenzangu wote wa Mbagala. Mikono ya mtu huyu sina wasiwasi nayo, tatizo lake ni kwamba akiona mwanamke na mkoba ameshamaliza kupima. Kikibovuka cha kuchomelea labda nitapeleka tena, sijui, nikiandika hapa naona sipeleki.

Nilimdai na skrubu zangu. Kijana wake wa kujifunza, mtoto mdogo mwenye heshima, alisema shikamoo mama akamimina kikopo kizima cha skrubu mezani akaanza kunijaribishia moja moja, kwa utaratibu kabisa, anaweka anazungusha kidogo anasikilizia, ikikataa anatoa. Huyo nimempa elfu mbili ya soda. Moja ilikaa. Tundu la pili nimeliziba na selotepu, na Jumamosi iliyopita kikoba kimegawana, kila mtu na chake, mpaka shilingi ya mwisho.