Mzunguko au kwenda na kurudi: njia ipi inawafaa wazee msituni?

Kikundi cha wazee kinapopanga matembezi ya kutwa msituni, umbo la njia lijadiliwe mapema, kabla hata ya urefu wake.

Njia ya mzunguko ina raha yake: kila hatua mandhari mapya. Shida huanza katikati. Goti likigoma hapo, mbele na nyuma ni mbali sawasawa, na njia ya mkato mara nyingi hakuna.

Kwenda na kurudi hakuna mvuto huo, lakini kuna uhuru. Aliyechoka huketi kwenye gogo na mwenzake mpaka wengine warudi, au wakageuka wote mapema. Mizizi yenye utelezi na kijito cha kuvuka vimeshajulikana wakati miguu imechoka, na hilo kwangu ni jambo kubwa. Ila tazameni mwinuko: mkianza kwa kushuka, kilima kinawasubiri mwishoni.

Mimi nachagua kwenda na kurudi, hasa kukiwa na wageni. Mzunguko uwe mfupi, na kiongozi awe ameupita karibuni, maana mti ulioanguka huweza kuziba njia. Kwa vyovyote vile, mwenye mwendo wa polepole atembee karibu na mbele.