Darasa la lishe la kanisa nililofanya na mama: zuri, ila vitamini B12 wameiruka kabisa

Nimemaliza juzi darasa la lishe la wiki nane linaloendeshwa kwa Zoom na kanisa moja (jina naliacha), nilijiunga na mama ambaye ana kisukari mwaka wa sita sasa, na naandika kwa sababu kabla ya kujiandikisha nilitafuta sana maoni ya watu nikakuta wanaosifu tu na wanaoponda tu, hakuna anayekwambia humo ndani kuna nini.

Nianze na mapishi maana hapo wako vizuri mno. Mama mpishi alitundika simu juu ya jiko tukawa tunaona mpaka ndani ya sufuria, akatuonyesha kuloweka maharage usiku kucha, yale maji unamwaga, unachemsha na maji mapya. Kitu kidogo lakini mama yangu alikuwa ameacha maharage miaka kwa ajili ya gesi, saa hizi anayala karibu kila siku na tumbo limetulia. Siku nyingine akamimina karanga kwenye kiganja akafunga vidole, zilizobaki nje akazirudisha kwenye chupa, akasema hicho ndo kipimo chako cha siku nzima. Na hakutoa hewani, kuna utafiti wa Waadventista Wasabato wa California uliotoka 1992, waliokuwa wanakula karanga, korosho, lozi na jamii yake mara 5 au zaidi kwa wiki walipata shambulio la moyo karibu nusu ya wale waliokula chini ya mara moja.

Sasa somo la tafiti lenyewe ndo lilinikera kidogo. Mwalimu alirudia kila wiki kwamba Wasabato wanaishi miaka 10 zaidi kwa sababu hawali nyama. Jamani sio hivyo. Hesabu za 2001 kutoka Loma Linda, chuo kikuu cha Wasabato huko California, zilionyesha wanaume Waadventista wa California wanaishi zaidi ya wenzao wa jimbo hilo kwa miaka 7.3 na wanawake 4.4, na hiyo miaka 10 hivi inapatikana ukijumlisha mambo matano kwa pamoja: kutokula nyama, kula karanga, mazoezi, kutovuta sigara kabisa, na uzito usiozidi. Ukimwambia mtu anayevuta sigara kwamba shida yake ni nyama tu umemdanganya, hata kama nia yako ni njema.

Na linaloniuma ni kwamba walikuwa na ushahidi mzuri zaidi mkononi wakauacha! Utafiti mkubwa ulioanza 2002, wenye watu kama 96,000 wa Marekani na Canada, unalinganisha Msabato na Msabato, yaani wote karibu hawavuti wala hawanywi pombe, wote wana Sabato yao na kanisa lao, tofauti kubwa iko kwenye sahani. Hapo majibu ya 2013 yalisema wasiokula nyama walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 12, na wale wanaokula samaki bila nyama nyingine walifanya vizuri sana pia, asilimia 19. Kisukari nacho kilishuka kadiri mtu anavyopunguza vyakula vya wanyama. Kwangu mimi asilimia 12 ya kweli ina uzito kuliko miaka 10 ya kuvuta watu, na hilo la samaki halikutajwa hata mara moja.

Ila kilichonifanya niandike ni wiki ya tano. Mama alikuwa ameacha nyama, maziwa na mayai kama walivyoelekeza, akauliza mbele ya wote kwamba miguu inamfa ganzi na usiku inachomachoma kama sindano, mwalimu akamjibu ni mwili unatoa sumu, avumilie. Sikulala vizuri siku ile. Kesho yake nikampeleka apimwe, vitamini B12 ikakutwa chini kabisa. Daktari alituelewesha vizuri, kwamba wiki tano haziwezi kuimaliza, ini huwa linatunza akiba ya miaka, ila mama anameza metformin, dawa ya kisukari, miaka yote hii na hiyo dawa inapunguza B12 taratibu, halafu nyama alikuwa anakula kwa nadra hata kabla ya darasa, kwa hiyo kuondoa na maziwa na mayai bila kuweka kitu badala yake ilikuwa ni kumsukuma mtu aliye ukingoni. Akasema ganzi ya namna hiyo kwa mwenye kisukari watu wanaihesabia sukari moja kwa moja, na mishipa ya fahamu ikikaa muda mrefu bila B12 inaweza isirudi.

B12 haipo kwenye maharage wala mboga za majani, basi, anayeacha vyakula vyote vya wanyama lazima aipate kwenye kidonge au kwenye chakula kilichoongezwa B12 kiwandani. Hilo halina ubishi wa kidini na lingechukua dakika mbili kulisema, wiki nane nzima hakuna aliyelisema.

Kwa haki niseme pia kuna dada Mwislamu aliuliza kuhusu kufunga Ramadhani wakati anachoma insulini, na nesi wao wa kujitolea alimjibu kwa heshima kubwa, aende kwa daktari wiki kadhaa kabla dozi zipangwe upya, na akamkumbusha kwamba dini yake yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Jibu safi kabisa. Natamani nesi huyo ndo angekuwa anajibu maswali yote.

Nawapa nyota 3 kati ya 5. Mapishi peke yake ningewapa 5. Nimewaandikia kuhusu B12, wakanijibu kwamba awamu ijayo nesi atapewa kipindi chake, nikiona imefanyika nitarudi kubadilisha nyota. Mama alianza na sindano, sasa yuko kwenye vidonge, kopo lake kaliweka juu ya debe la maharage asisahau, na ganzi ya mguu wa kushoto imeanza kupungua, wa kulia bado.