Nyota zao nimezipunguza: mafundi wa seva Mombasa

Jina la kampuni silitaji. Ila kama ofisi yako ina seva na mkataba wa matengenezo, soma kwanza kabla hujatia saini.

Sisi ni mawakala wa kutoa mizigo bandarini Kilindini. Siku moja kwenye kaskazi, vCenter, programu tunayosimamia nayo seva zetu, ikagoma kufunguka. Mashine pepe zenyewe, yaani kompyuta za kiprogramu zilizo ndani ya seva, zilikuwa zapiga kazi kama kawaida, maana zinaendeshwa na ESXi, programu iliyo kwenye seva yenyewe. vCenter ikilala unakosa usukani tu. Kwa hivyo sikupaparika. Aliyenipandisha mori ni fundi wa kampuni hiyo tuliyeongea naye kwa simu.

"Dada, niitie kijana anayeshika seva."

Namwambia ndiye mimi. Akanyamaza, kisha akaniagiza niandike df -h, amri ya kuonyesha diski imejaa kiasi gani, nimsomee, herufi moja moja, utadhani ndiyo mara yangu ya kwanza kuiona kibodi. Nikasoma: /storage/log, sehemu ya kumbukumbu za matukio ya mfumo, asilimia 100, /storage/archive asilimia 97.

"Hapo kwa archive! Diski zimekwisha. Tutawaletea kwotesheni."

Nikamwambia archive hujaa kwa makusudi. Hapo hifadhidata ya PostgreSQL huweka rekodi zake za miamala, na nafasi ikibana, za zamani hufutwa zenyewe. Tatizo liko kwenye log. Akacheka. Wallahi, alicheka! "Dada, hii kazi tumeizoea." Kwotesheni ikaingia kabla hatujanywa chai ya saa nne: diski mpya, na chini yake "ada ya dharura". Hata nembo yao, jahazi la buluu, tangu siku hiyo siitaki machoni.

Nikampigia meneja wao, nikamtolea yote bila kupepesa. Jioni wakamleta kijana mwengine. Akaamkia kila mtu, akavua viatu mlangoni pa chumba cha seva ingawa hapana zulia, akauliza, "Naweza kuangalia?" Kuulizwa tu kulinishusha hasira nusu.

Akapima kwa du, amri ya kujumlisha ukubwa wa mafaili: mafaili yote ya log hayakufika hata nusu ya patisheni, yaani sehemu yake ya diski. Lakini df bado inasema imejaa. Akaandika lsof +L1, amri ya kuonyesha mafaili yaliyofutwa ila bado yanatumika, na hapo likajitokeza faili moja kubwa ajabu, lililokwisha kufutwa. Mtu alilifuta kwa amri ya rm huku huduma (programu) moja ya pembeni ingali imelishikilia. Linux, mfumo unaoendesha vCenter, hairudishi nafasi mpaka huduma iliachie, na muda wote huo faili lilikuwa laendelea kunenepa pasipo kuonekana. Akaiwasha upya huduma ile, nafasi ikarudi, vCenter ikaamka. Akasema faili la namna hiyo halifutwi, humwagwa kwa amri ya truncate -s 0: lenyewe linabaki, yaliyomo yanaondoka.

Na nani alilifuta? Kijana akatazama historia ya amri, akasema bila kujiuma midomo, "Ni sisi. Siku ile ya ukaguzi."

Niambie sasa, mtu kama huyo utamchukia vipi? Nikawapa nyota nne. Nne! Mkataba nikauweka mezani tayari kwa saini, kwa sharti moja tu: yule wa simu asitupigie tena.

Juzi mhasibu wetu ananiuliza ile ada ya dharura tutailipa lini, maana wametuma ukumbusho. Wanidai kwa moto waliouwasha wao! Nyota nimezipunguza zikabaki mbili, na hizo mbili ni za yule kijana. Akihama, nazo nazing'oa.