Adapta ya Wi-Fi niliyoinunua Mtwara: kifaa kizuri, kijitabu kisichoaminika

Nilinunua adapta hii ya USB katika duka moja la vifaa vya kompyuta mjini Mtwara, kwa ajili ya kompyuta ya mezani inayotumia Linux ofisini kwetu Shangani. Kijitabu chake kinaeleza kwamba ndani mna chipu ya AR9271, ambayo draiva yake (programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa), ath9k_htc, imo tayari katika kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, na hutaka faili la fimuwea (programu inayoendesha chipu yenyewe) pekee. Nilipoichomeka na kuandika amri ya lsusb, inayoorodhesha vifaa vya USB vilivyochomekwa, badala ya 0cf3:9271, namba ya utambulisho ya chipu hiyo niliyoitarajia, ilitokea namba ya chipu ya kampuni nyingine kabisa. Mtengenezaji alibadilisha chipu, akaacha jina la kifaa na kijitabu vilevile. Nami nilipoteza siku mbili nikihangaika na draiva isiyohusika.

Muuzaji, ambaye namshukuru kwa dhati, alinibadilishia kwa toleo la awali bila kinyongo, na sasa mtandao unafika hadi chumba cha nyuma. Kabla ya kulipa, soma namba ya toleo iliyobandikwa mgongoni mwa kifaa. Mtengenezaji naye aorodheshe chipu na draiva ya kila toleo, pamoja na tarehe ambayo maelezo hayo yalihakikiwa.